Historia ya benki ya chakula imo kwenye daftari la stoo

Nilipoombwa kuandika historia ya benki ya chakula ninayojitolea, yaani stoo inayokusanya chakula cha msaada na kuwagawia wenye uhitaji, niliwafuata waanzilishi kwanza. Lilikuwa kosa. Nilizungumza na watu wanne, na kila mmoja alisema yeye ndiye aliyetoa wazo. Mmoja alikumbuka kikao cha kwanza kilifanyika mvua ikinyesha, mwingine akaapa kulikuwa na jua kali. Si waongo. Watu wa kujitolea hawaandiki mihutasari, wanabeba magunia.

Nikaingia stoo. Rafu ya juu kulikuwa na madaftari ya kupokea na kutoa bidhaa, pembe zimeliwa na panya. Mwandiko mmoja mdogo, wa wino wa kijani, umejaza kurasa miezi saba mfululizo: unga, maharage, makopo, idadi, tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha wiki tatu tupu! Kuuliza, kumbe mwenye mwandiko alilazwa, na ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye peke yake. Chakula ndani, foleni nje. Baada ya pengo hilo miandiko inakuwa mitatu, ikipokezana. Kwangu mimi, benki ilianza siku hiyo.

Kwa hiyo nawe ukitaka kuandika ya kwenu, soma daftari kwanza, halafu uwaendee watu ukurasa ukiwa mkononi. Ukimuuliza mtu "mlianzaje?" utapewa hotuba. Muulize "mbona hapa makopo arobaini yametupwa?" atacheka, kisha atakueleza jinsi walivyojifunza kupanga yanayokaribia kuisha muda yawe mbele.

Jambo la pili ni wapokeaji, ambao karibu kila mara husahaulika. John van Hengel ndiye anayetajwa kuanzisha benki ya kwanza ya chakula, St. Mary's huko Phoenix, Marekani, mwaka 1967. Lakini mwenyewe alisimulia kwamba wazo la "benki" alilipata kwa mama wa watoto kumi, aliyekuwa akiwalisha kwa chakula kilichotupwa na duka. Jina la van Hengel tunalo. La mama yule halisimuliwi.

Hapo ni pagumu, maana daftari la wapokeaji lina majina, na mtu hakuja kuchukua unga ili aandikwe kwenye historia. Mimi sikunakili jina hata moja. Nilitangaza tu kwamba anayetaka kusimulia aje, wakaja watatu. Mmoja alinieleza kwa nini meza ya kugawia ilitolewa mlangoni ikawekwa nyuma ya rafu: wapita njia walikuwa wakichungulia kuona nani amepanga foleni, na yeye ndiye aliyeomba ihamishwe. Waanzilishi hawakulikumbuka hilo. Nilirudi kwenye daftari nikalikuta, mstari mmoja wa wino wa kijani: "Meza imehamishwa."