Maswali ya wasomaji: degedege, magome ya muthiga na karafuu ya jino

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi kijijini mbele ya Ikwiriri huku Rufiji. Juzi mwanangu wa miaka miwili homa ilimpanda usiku akaanza kukakamaa, macho yakageuka juu. Mama mkwe akasema hio ni degedege, hospitali hawaiwezi na akichomwa sindano tu anakufa. Akamfukiza kwa mavi ya tembo na majani yake, alfajiri mtoto kaamka anataka uji. Namshukuru mama lakini naogopa ikirudi. Na sitaki kumkosea heshima. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa usiku huo, mtoto akikakamaa mikononi mwako hata mtu mzima mwenye moyo mgumu anachanganyikiwa.

Huko Pwani degedege linajulikana tangu zamani na bibi zetu wanaliona kama ugonjwa wake peke yake, mbali na malaria. Kwao malaria ni ya hospitali, degedege ni la ndege anayepita usiku, kwa hiyo dawa yake ni mafusho na majani. Na mama mkwe wako hasemi uongo, anasema alichokiona. Degedege linaloletwa na homa kali kwa mtoto wa kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano mara nyingi linaacha lenyewe ndani ya dakika chache, uwe umemfukiza au hujamfukiza, sasa likiacha huku moshi unafuka sifa zote zinaenda kwa moshi. Upande wa pili yule mtoto ambaye malaria imeshapanda kichwani anafukizwa leo, kesho anapelekwa kwa mganga mwingine, siku ya tatu ndio anabebwa kwenye bodaboda hajitambui, anafika, anachomwa sindano, anafariki. Kijiji kizima kimeona sindano. Zile siku mbili zilizopotea nyumbani hakuna aliyezihesabu.

Na hio sindano yenyewe asili yake ni mti shamba, mwambie mama hivyo maana wazee wakisikia hili wanatulia. Wachina walikuwa wanatumia mmea wa atemisia kwa homa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alafu mtafiti wao mmoja mama anaitwa Tu Youyou akarudi kwenye vitabu vya kale, akakuta maelezo ya kuloweka majani kwenye maji bila kuchemsha, yeye na wenzake wakatoa ile dawa mwaka 1972, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Artesunate anayochomwa mtoto mwenye malaria kali imetoka humo. Kwinini ya zamani nayo ilikuwa magome ya mchinchona, Wajerumani waliupanda pale Amani milima ya Usambara. Tofauti ni kipimo. Kwenye sindano mhudumu anajua mtoto wa kilo kumi anapata kiasi gani, kwenye sufuria hakuna anayejua, na ndio maana hata chai ya atemisia Shirika la Afya Duniani haliikubali kutibu malaria.

Sasa ikirudi fanya hivi. Mlaze ubavu chini pasipo na kitu cha kumuumiza, legeza nguo, usimshike kwa nguvu na usiweke kitu chochote mdomoni, sio kijiko, sio dawa, sio maji. Hapa nakusisitiza sana kwa sababu mtoto anayekakamaa hamezi, dawa ya majani ukimnywesha inaingia kwenye mapafu na inaweza kumuua kabla ya malaria. Moshi pia usimfukize, anahitaji hewa. Alafu nenda zahanati usiku huohuo hata kama ameacha na anacheka, wampime malaria kwa kile kipimo cha tone la damu kidoleni, waangalie na sukari maana malaria kali inashusha sukari, na wajue kama sio homa ya uti wa mgongo, hio nayo inaleta degedege hivohivo. Kama sindano haipo, ipo artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa kwa watoto chini ya miaka sita, anawekewa alafu anakimbizwa hospitali, hio ni ya kumvusha njiani tu, sio ya kurudi naye nyumbani. Hela isikucheleweshe, kwa sera ya serikali chini ya miaka mitano matibabu ni bure kwenye vituo vyake.

Kuhusu mama mkwe usibishane naye usiku ule mtoto anaumwa. Kaa naye mchana, mtoto akiwa mzima, mnachambua mchicha. Mwambie mama safari hii ikitokea naomba twende wote, wewe umpakate mimi nitafute bodaboda, tukirudi dawa zako za kupaka utaendelea nazo. Bibi akipewa nafasi ya kwenda anakuwa wa kwanza kuvaa kanga. Na yako mengi anayajua ambayo ni mazuri, kivumbasi kinafukuza mbu kweli, mwache akitundike mlangoni, na wewe chandarua usikiache.

Pale Tanga tangu 1990 kuna kikundi cha TAWG ambapo madaktari na waganga wa tiba asili walikaa pamoja kuhudumia wagonjwa wa ukimwi, na sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002, kwa hiyo mganga sio adui. Mganga mzuri akiona mtoto amekakamaa anasema mpeleke hospitali kwanza, na wa hivyo mnao huko, muulizeni mapema nani ni nani.

SWALI: Mimi ni mzee wa Nyeri, nina shamba karibu na msitu. Vijana wanakuja usiku kutoa maganda ya muthiga na muiri, miti miwili yangu mikubwa imekauka. Na mimi mwenyewe natumia muthiga kwa kikohozi. Tutafanya nini?

JIBU: Mzee wangu hii imeniuma. Muthiga ule ule Wamaasai wanauita osokonoi, na ukitafuna gome lake ule ukali wa pilipili unapanda mpaka puani, ndio watu wanaupendea kifua, tumbo na jino. Muiri nao unatakiwa sana Ulaya kwa dawa za tezi dume, magome yamesafirishwa kwa tani na tani mpaka mwaka 1995 mti ukawekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, yani kuuza nje ni mpaka kibali.

Mti haufi kwa sababu umechubuliwa, unakufa kwa sababu umezungushwa. Chakula kinachotengenezwa na majani kinateremka kwenda mizizini kupitia gome la ndani, ukilitoa shina zima kama mkanda mizizi inakufa njaa polepole na juu panakauka baada ya msimu au miwili. Anayehitaji atoe ukanda mwembamba wa kusimama, upande mmoja tu, asiguse mbao ya ndani, na asirudi kwenye mti huo mpaka gome lifunge. Bora zaidi atumie tawi lililokatwa. Majani ya muthiga nayo ni makali, jaribu hayo kwanza kwa kikohozi chako, na kikizidi wiki mbili nenda upimwe kifua kikuu, usiendelee kutafuna.

Alafu panda. Mbegu za miti hii yote miwili hazikai, ukizianika juani ukaziweka kwenye mkebe mpaka mvua ya mwakani hutaona hata moja inaota, ziwekwe kwenye kitalu zikiwa mbichi. KEFRI, ile taasisi ya utafiti wa misitu pale Muguga, wana mbegu na watakuelekeza. Wale vijana wa usiku peleka habari kwa chifu na watu wa misitu, usiwafuate peke yako gizani.

SWALI: Jino limetoboka, niko Wete Pemba na karafuu hazikosekani nyumbani. Ni kweli inatibu?

JIBU: Inatuliza, haitibu. Ndani ya karafuu kuna yujenoli (eugenol), dawa ya ganzi ambayo hata madaktari wa meno wanaichanganya kwenye kujazia jino kwa muda. Weka punje moja karibu na tundu uilainishe kwa mate. Mafuta yake usiyamimine mabichi yanaunguza fizi, chovya pamba kidogo tu, na mtoto mchanga anayeota meno usimpake kabisa. Tundu lenyewe linabaki palepale na linaendelea kuchimba, kwa hiyo panga siku ya kwenda kuziba. Shavu likivimba, ukipata homa au ukishindwa kufungua mdomo au kumeza, usingoje hio siku, nenda leo.