Nani anayewaza? Maswali yenu na majibu

Nikikaa kimya, mawazo yananijia bila kuyaita. Je, mimi ndiye mawazo yangu?

Umesema yanakujia. Basi yupo anayejiwa. Fumba macho ungoje wazo lijalo: hutalijua kabla halijafika, nalo likishafika litapita, na wewe utabaki.

Ila ukimtafuta huyo anayebaki, humpati kirahisi. Mwaka 1739, mwanafalsafa David Hume wa Uskoti aliandika kwamba kila alipojichunguza alikuta joto au baridi, upendo au chuki, maumivu au raha. Mwenyewe hakujikuta kamwe. Akaona nafsi ni mkusanyiko tu wa hisia zinazopishana. Nakubaliana naye nusu. Sisi husema "nafsi yangu inanisuta", na hapo anayesuta na anayesutwa ni mtu yuleyule. Rundo la hisia haliwezi kujisuta. Kwangu, nafsi ni tendo, ni kule kujirejea, ndiyo maana haishikiki kama kitu.

Nilipigwa nusukaputi ili nifanyiwe upasuaji. Muda ule nilikuwa wapi?

Mwili ulikuwa kitandani, fahamu hazikuwepo. Ubongo una chembe za neva zipatazo bilioni 86, na dawa ile huvuruga mawasiliano kati ya sehemu zake bila kuziua. Ndiyo maana uliamka ukiwa wewe. Lakini kwa nini shughuli za chembe zihisiwe na mtu kutoka ndani? Mwanafalsafa David Chalmers aliliita hilo "tatizo gumu" mwaka 1995, na hadi leo halijapata jibu linalokubalika na wote.

Mtoto huanza lini kujitambua?

Ukimpaka rangi puani kisha akajiona kwenye kioo, wengi huigusa pua yao kati ya miezi 18 na 24. Kipimo hicho ni cha kuijua sura yake tu. Kichanga anayelia kwa maumivu anayahisi, ingawa hajaijua sura yake.

Mama amesahau hata jina langu. Bado ni yeye?

Pole sana. Naamini ni yeye. Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953, hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio kwa zaidi ya miaka 50, lakini waliomhudumia walimjua kwa upole wake na jinsi alivyopenda kujaza chemshabongo. Kumbukumbu zilikatika, tabia ikabaki. Mama akitulia anaposikia sauti yako, anayetulia ni yeye.