Paka Hamtafuti Mwizi, Anatafuta Omena

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Kakamega ambaye amesoma vijitabu vyangu vyote vinne vya hadithi za paka mpelelezi. "Madam, habari za siku?" aliandika. "Nimeanza hadithi ya paka mpelelezi, lakini kaka yangu ananicheka. Anasema hakuna Mkenya atakayepoteza pesa zake kusoma mambo ya paka. Wewe ulifanyaje?" Aliambatanisha kurasa 11. Nilizisoma usiku uo huo, na badala ya kumjibu kwa mistari miwili nimeamua kumjibu hadharani, kwa kuwa najua wengi wenu mnaonisoma mna daftari lililofichwa mahali chini ya nguo, na mnasubiri mtu wa kuwaambia kwamba hamjachanganyikiwa.

Kicheko nakijua. Mwaka 2019 niliupeleka mswada wangu wa kwanza kwa mhariri wa kampuni moja ya uchapishaji ambayo sitaitaja. Aliniweka kwenye benchi saa mbili, akaupekuapekua mswada nikiwa nimesimama mbele yake, kisha akanirudishia bila kuniangalia. "Mama, huku kwetu paka ni mnyama wa wachawi," alisema. "Mtoe, umweke mbwa wa polisi, kisha tuzungumze." Nilirudi Kisumu usiku kwa matatu, mswada ukiwa mapajani, na nilipofika nyumbani niliyaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari langu la hesabu, ambako yapo hadi leo. Vijitabu hivyo vinne nilivichapisha mwenyewe katika duka dogo la kupiga chapa, nikaviuza Sh150 kimoja, na mwezi uliopita nilikabidhi nakala ya 500. Ninataja idadi hiyo kwa makusudi.

Hata hivyo, mhariri yule alikuwa na nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba huku magharibi paka anayekatiza njia usiku humfanya mtu mzima arudi nyuma hatua mbili, na kwamba katika masimulizi ya wakimbiaji wa usiku, watu wanaodhaniwa kuwa wachawi (Waluo humwita mmoja wao jajuok), paka hakosekani. Kitu ambacho hakukiona ni kwamba hofu hiyo ni mali kwa mwandishi. Mnyama ambaye watu wanamshuku kabla hajafanya lolote ndiye anayefaa kuishi ndani ya hadithi inayohusu watu kushukiana.

Baadaye nilipata faraja kutoka mbali. Mmarekani Lilian Jackson Braun, aliyekuwa mwanahabari katika gazeti la Detroit Free Press, alianza kuandika visa vya paka baada ya paka wake wa aina ya Siam kufa kwa kuanguka kutoka ghorofa ya 10. Riwaya zake tatu za kwanza zilitoka mwaka 1966, 1967 na 1968, kisha wachapishaji wakageukia vitabu vya damu na vya chumbani, na ya nne haikutoka hadi mwaka 1986. Hesabu mwenyewe: ni miaka 18. Alipofariki mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 97, mfululizo huo ulikuwa umefika riwaya 29. Mimi nilipokosa usingizi kwa sababu ya benchi la saa mbili, nilikuwa nikijihesabia miaka yake.

Lakini paka wangu hakutoka kwenye kitabu cha mtu. Chama chetu kilikuwa na akina mama 12, na tulikuwa tukinunua omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga hapa Kisumu, tunaianika, tunaihifadhi kwa magunia katika stoo moja mtaani Migosi, kisha kila mmoja anapimiwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kwenda kuuza soko la Kibuye. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika daftari. Nilikuwa na paka wa kijivu, sikio moja limechanika, ambaye alipenda kulala juu ya daftari hilo likiwa wazi, hasa katika ukurasa niliokuwa nikiuandika, na ndiyo maana tulimwita Karani.

Mwaka 2017 hesabu zilianza kukataa. Kila wiki zilikosekana gorogoro mbili, wakati mwingine tatu. Kijana aliyekuwa akifagia stoo na kutubebea magunia alikuwa na ufunguo, na hilo lilitutosha. Mwekahazina wetu alisimama kwenye mkutano, akasema kwa sauti ya huruma kwamba njaa haina adabu na kwamba yeye binafsi amemsamehe, nasi sote tukatikisa vichwa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba kijana ameachishwa kazi. Niliandika kwa kalamu nyekundu.

Sasa sikiliza jambo la paka. Kila jioni nilikuwa nikigonga mkebe kwa kijiko na Karani angekuja mbio kutoka popote alipokuwa, hata kama ndani hamkuwa na kitu zaidi ya vichwa vitatu vya omena. Wiki mbili baada ya kijana kuondoka, niligonga mkebe na paka hakuja. Alipojitokeza usiku alikuwa na tumbo kama mfuko wa unga, akajilaza juu ya daftari, akaanza kujilamba miguu. Niliketi nikimtazama. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti kitu, hivyo mitumbwi hupumzika na bei ya gorogoro hupanda. Usiku ule mwezi ulikuwa umejaa. Mimi mwenyewe, mwenye daftari la omena, sikuwa na omena ya kupika, na hapakuwa na jirani hata mmoja ambaye angemtupia paka wa mtu sadaka katika wiki kama hiyo. Paka gani hunenepa wakati binadamu wanahesabu omena mojamoja?

Kesho yake jioni nilimfuata, nimevaa ndara, nikiinama kama mwizi. Alipita chini ya ua wa michongoma, akakatiza nyuma ya choo cha watu, akaingia uani kwa mwekahazina. Nyuma ya jiko, juu ya kipande cha bati, kulikuwa na omena imetandazwa, na kando yake gunia lenye alama yetu ya rangi ya bluu. Karani alikuwa amekaa kwenye kona ya bati akila kwa utaratibu. Aliinua kichwa, akaniona, akaendelea kula.

Yaliyofuata nitayaruka, yalikuwa mikutano, machozi, mchungaji kuitwa, na pesa kurudishwa kidogokidogo hadi Desemba. Ninalotaka ulishike, binti yangu, ni lile jicho la paka lililoniona na likanipuuza. Karani hakuwa amenionyesha mwizi. Kwake hapakuwa na mwizi wala haki, palikuwa na bati lenye omena.

Ilinichukua miaka kuelewa hivyo. Katika mswada ule wa kwanza nilimfanya Karani azungumze. Alihoji mashahidi, alinukuu methali, na mwishoni alitoa hotuba ya kurasa tatu kuhusu uaminifu. Binti yangu wa kumzaa, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, aliusoma hadi katikati akaniambia, "Mama, huyu paka anaongea kama mwalimu mkuu kwenye paredi." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilichukua kalamu ile ile nyekundu nikafuta kila neno lililotoka kinywani mwa paka, na hadithi ikaanza kupumua. Ikiwa mhariri aliukataa mswada kwa sababu ya paka, basi alikuwa na sababu nzuri zaidi ambayo hakuiona.

Waliotutangulia katika kazi hii walijua. Paka wa Braun aitwaye Koko huangusha kitabu kutoka rafuni au hupiga kelele mahali fulani, na ni mwenyeji wake, mwanahabari Qwilleran, anayelazimika kutafuta maana, huku msomaji akibaki hana hakika kama paka alijua au ilitokea tu. Huko Japani, Jiro Akagawa alianza mwaka 1978 mfululizo wa paka jike wa rangi tatu aitwaye Holmes, ambaye anaishi na polisi anayeogopa damu. Polisi huyo humtazama paka kisha hufikiri. Rita Mae Brown, tangu mwaka 1990, amewaacha wanyama wake wazungumze wao kwa wao, lakini binadamu hawasikii hata neno moja, na raha yote iko hapo. (Kwenye majalada ya vitabu hivyo jina la paka wake, Sneaky Pie, limeandikwa kama la mwandishi mwenza. Mhariri wangu angezimia.) Wapo waliowafanya paka wazungumze na watu moja kwa moja na wakafaulu, lakini mimi na wewe hatujafika huko.

Watu huniuliza kwa nini msomaji mwenye akili timamu, aliyetoka kazini amechoka, achague hadithi kama hizi. Kwa sababu habari za saa moja zimempa damu ya kutosha. Hapa maiti, kama ipo, huonekana kidogo, na mtaa ni mdogo kiasi kwamba mwuza mboga, kinyozi na mchungaji wote wanaweza kuwa washukiwa. Mwishoni aliyesingiziwa husafishwa jina na mtu hula chakula cha jioni. Tena sisi wa Kiswahili si wageni wa upelelezi wa akili badala ya ngumi. Mwandishi Muhammed Said Abdulla alituletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na huyo alikuwa akitazama na kuuliza kabla ya kuhukumu, jambo ambalo akina mama 12 wa Migosi hatukulifanya.

Kwa hiyo nawaambia nyote: acheni kuandika paka wenye hekima. Mwandishi anayempa paka hekima amekwepa kazi yake, kwa maana kazi ya kufikiri amemtupia mnyama na yeye mwenyewe, pamoja na mhusika wake, wamebaki wavivu. Mtazameni paka halisi kwa mwezi mzima kabla hamjaandika mstari. Anakataa kulala wapi? Anamkwepa nani? Amenenepa lini? Na mkishaona, mrudi mtazame tena.

Kijana yule nilikutana naye mwaka jana Kibuye, ana kibanda chake cha kutengeneza simu. Katika kijitabu cha pili kuna kijana anayeombwa msamaha mbele ya chama kizima, ukurasa wa 31, na mama mwenye daftari ndiye anayetangulia kupiga magoti. Katika maisha sikupiga magoti. Nilimpa nakala, nikasema pole, akasema, "Ni sawa, Mama," huku akiendelea kukaza kiskurubu kidogo kwenye simu ya mteja. Sijui kama ameufikia ukurasa huo.

Sasa, binti wa Kakamega, kuhusu kurasa zako. Soko ulilolichora ni zuri, na yule mama anayeficha pesa ndani ya sufuria ya githeri usimguse kabisa. Damu ya panga katika ukurasa wa pili imechukua mistari saba, acha mmoja. Paka wako anazungumza mara 14, nimehesabu. Yafute maneno yake yote, mpeleke jikoni akatafute chakula, kisha unitumie tena.