Klabu ya biashara shuleni: panga siku ya kuifunga

Walimu wanaotaka kuanzisha klabu ya biashara huniuliza kwanza wanafunzi wauze nini. Mimi ni mlezi wa klabu kama hiyo katika shule ya upili hapa Kisumu, na huwajibu kwa swali: mtaifunga biashara lini?

Ndiyo, kuifunga. Muuze, mrudishe mtaji, mgawane faida, mmalize. Muhula ujao mnaanza na viongozi wapya. Junior Achievement, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1919 na ambalo lipo Kenya pia, huendesha kampuni zake za wanafunzi hivyohivyo: vijana wanauza hisa, wanachagua viongozi, wanafanya biashara, kisha wanaivunja kampuni na kuwalipa wenye hisa. Wala si jambo geni kwetu. Vyama vingi vya akina mama vya kuweka akiba hugawana pesa zao Desemba, na mtoto aliyewahi kumwona mama akirudi kutoka chamani amenuna hahitaji kuelezwa umuhimu wa daftari la hesabu.

Sisi tunauza karanga za kukaanga. Wanafunzi wa kutwa huzinunua kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, sokoni Kibuye hapa mjini siku ya Jumapili, soko linapofurika. Hisa moja ni shilingi 50 na hakuna anayeruhusiwa zaidi ya mbili, la sivyo mtoto wa tajiri atakuwa mwenyekiti kabla ya kura kupigwa. Pesa zinakaa kwa mhasibu wa shule, kwa risiti. Zisiingie kwenye M-Pesa ya mwalimu, hata awe mzee wa kanisa.

Uongozi wenyewe utauona kwenye mkutano wa kufunga. Mweka hazina anasimama ubaoni na kuandika mtaji, matumizi, mauzo na madeni, mbele ya wenzake waliotoa pesa zao. Muhula mmoja binti wa kidato cha pili, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akichangia, aliuliza gorogoro moja hutoa pakiti ngapi, na mbona wiki ya tatu zilipungua. Mwenyekiti wetu, bingwa wa mijadala, akaanza kuhutubia. Wakamkatiza: tunataka pakiti. Ikabidi akiri kwamba wapakiaji walikuwa wakionja. Uchaguzi uliofuata, yule binti ndiye aliyekabidhiwa hazina.

Wakipata hasara, usiwajazie kutoka mfukoni mwako. Hisa ya 50 ikirudi 38, na watangaze 38 wao wenyewe na waeleze sababu. Hapo ndipo mwalimu hushawishika kuingilia kati, na mimi nasema kaa kimya.

Madeni nayo yana mtihani wake, maana wadeni sugu huwa chumba cha walimu. Wafundishe kudai kwa adabu: “Samahani mwalimu, jina lako bado liko kwenye daftari.” Anayeweza kumwambia hivyo naibu wa mwalimu mkuu ataweza kudai popote.

Tangazeni tarehe ya kufunga wiki ya kwanza ya muhula, na iwe kabla ya mitihani. Kidato cha nne wasishike pesa muhula wa tatu, KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ikiwa mlangoni. Wape kazi ya kukagua hesabu: wanazijua mbinu zote za wadogo zao, kwani wao ndio waliozianzisha.