Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Mazoezi ya Majini

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 64 na magoti yake yamelika. Daktari amemshauri afanye mazoezi ndani ya maji, ingawa hajui kuogelea. Dukani nimeonyeshwa mkanda wa kuelea na dambeli za sponji, na jirani yetu mvuvi yuko tayari kutuazima jaketi la kuokolea maisha. Ninunue kipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kinachomsaidia mama zaidi ni kina cha maji, nacho hakiuzwi dukani. Mtu akisimama katika maji yanayomfika kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu tu ya uzito wake, na yakimfika kifuani hubeba kama theluthi. Ndiyo maana goti lisilostahimili hatua kumi barabarani linaweza kutembea majini kwa muda mrefu bila maumivu makali. Kwa hiyo, tafuta kwanza bwawa lenye ngazi pana, vyuma vya kushikilia na sehemu ya maji ya kifuani, kisha ununue viatu vya mpira visivyoteleza. Kwa mwanzo, hivyo vinatosha.

Mkanda wa kuelea hufungwa kiunoni ili mtu aelee wima na kuchezesha miguu kana kwamba anakimbia, pasipo nyayo kugusa chini. Ni kifaa kizuri, lakini hutumika kwenye kina kirefu, na asiyejua kuogelea asiende huko bila mtaalamu wa tiba ya viungo kuwa naye ndani ya maji. Dambeli za sponji nazo hufanya kazi kinyume na za chuma: nguvu hutumika kuzisukuma chini, si kuziinua, na mwendo ukiongezwa maradufu, ukinzani wa maji huongezeka takriban mara nne. Hizo ni za mikono na mabega, ilhali tatizo la mama ni magoti, basi zisubiri.

Jaketi mrudishieni jirani kwa shukrani, mliombe tena siku mtakapopanda mashua. Limeundwa kumlaza mtu chali ili uso ubaki juu ya maji, na kwa sababu hiyo humzuia kutembea wima. Wala msidhani kwamba mkanda au sponji vinaweza kushika nafasi yake, kwa kuwa hakuna hata kimoja kitakachoinua uso wa mtu aliyezimia.

Mkichagua bahari badala ya bwawa, mtafaidi maji ya vuguvugu, ila someni majira ya kujaa na kupwa, hasa wakati wa bamvua, kwani maji ya kiunoni huweza kufika shingoni kabla ya mazoezi kwisha. Mama asiingie majini peke yake, na kama ana kidonda kibichi, kifafa au maradhi ya moyo, daktari aarifiwe kabla ya siku ya kwanza.