Gambia ilipata wapi haki ya kuishtaki Myanmar?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimesoma kwamba Gambia iliishtaki Myanmar kwa ajili ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini Myanmar. Nchi hizo ziko mbali kabisa. Huko si kuingilia mambo ya ndani ya wengine? Na wakimbizi wamefaidika nini?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kesi hii ina mguu mmoja Arusha. Abubacarr Tambadou, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Gambia, aliwahi kufanya kazi upande wa mashtaka katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale AICC, jumba la mikutano la kimataifa la Arusha. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu wa sheria kusikiliza kesi zile tukiwa nyuma ya kioo. Ushahidi ule haumtoki mtu. Mwaka 2018 Tambadou alifika kambi za Cox's Bazar, Bangladesh, akawasikiliza Warohingya, akaiona Rwanda tena. Novemba 2019 Gambia ikafungua kesi The Hague, ikiungwa mkono na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu.

Kuingilia? Hapana. Myanmar yenyewe iliridhia Mkataba wa Mauaji ya Kimbari mwaka 1956, na kifungu cha 9 kinaruhusu mgogoro kuhusu mkataba huo upelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Bangladesh, iliyobeba mzigo wa wakimbizi zaidi ya 700,000 tangu Agosti 2017, ilikuwa imekiwekea kifungu hicho masharti, hivyo njia ya kushtaki yenyewe ilikuwa ngumu. Myanmar ikadai basi Gambia, isiyoumizwa na lolote, haina la kudai. Tarehe 22 Julai 2022 majaji 15 dhidi ya mmoja wakalikataa dai hilo: kila mwanachama wa mkataba ana haki ya kudai uheshimiwe. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, maana bila hivyo haki za wanyonge zingebaki kungoja huruma ya mataifa makubwa.

Kuhusu faida, nitakuambia ukweli unaouma: wengi wa wakimbizi wale bado wako kambini. Mahakama haina askari. Lakini Januari 2020 iliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki, isiharibu ushahidi, na itoe taarifa kila baada ya miezi sita. Aung San Suu Kyi, kiongozi wa Myanmar wakati huo, alikuwa amekwenda mwenyewe mahakamani kuitetea nchi yake. Wanajeshi waliompindua mwaka 2021 nao wakatuma wajumbe wao mwaka uliofuata.

Hukumu ya 2022 ipo kwenye tovuti ya mahakama. Anza na sehemu inayojibu hoja kwamba Gambia haikuumizwa. Ndiyo hasa swali lako.