Maswali ya wasomaji: Mtandao wa jengo, mali ya wakazi

SWALI: Tupo familia 12 kwenye jengo moja hapa Mwanga, Kigoma. Tumechoka kununua bando kila mtu kivyake. Tunataka laini moja ya faiba, na mtandao wa ndani uwe mali yetu. Tuanzie wapi? – Wapangaji, Mwanga

JIBU: Anzeni kwa kutenganisha kilicho chenu na kilicho cha kampuni. Kampuni inaleta faiba mpaka kwenye kisanduku chake, na mali yake iishie hapo. Ruta, swichi (kifaa cha kugawa mtandao kwa nyaya), kabati la vifaa na nyaya za kwenda kila nyumba zinunuliwe kwa fedha zenu, risiti ziandikwe jina la kikundi. Ruta ya bure ya kampuni inavutia, lakini mkiifanya ndiyo roho ya jengo, siku mkihama kampuni mtapanga kila kitu upya.

Kabla fundi hajatoboa ukuta, pateni barua ya mwenye nyumba inayotamka kwamba vifaa na nyaya ni vya kikundi. Kitu kilichofungwa ukutani ni rahisi kuhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba. Mkataba wa laini nao useme wazi kwamba nyumba 12 zinaitumia, maana vifurushi vingi vya nyumbani haviruhusu. Kuuza intaneti kwa faida ni biashara ya leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hata kama nyinyi mnagawana gharama tu, wapelekeeni mpango wenu mpate jibu la maandishi.

Kabati likae katikati ya jengo, karibu na ngazi. Chini ya paa joto linaua vifaa. Kila nyumba ipate waya wake wa mtandao wa aina ya Cat6 kutoka kabatini, usizidi mita 100. Kwa wastani wa mita 25, nyumba 12 zinakula mita 300. Boksi moja lina mita 305, kwa hiyo nunueni mawili. Mita tano haziwezi kubeba makosa na akiba ya kila ncha. Swichi ya matundu 24 inawaachia nafasi tundu likifa.

Dukani, kwangueni ncha ya waya kwa wembe. Ikionekana nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: inakatika ikikunjwa na inapoteza umeme njiani. Rudisheni. Kosa jingine ni la kubana vichwa (plagi) vya waya. Waya una nyuzi nane, na uzi mmoja ukilegea kasi inaweza kushuka kutoka Mbps 1,000 hadi 100 bila mtu kugundua kwa miezi. Msimlipe fundi mpaka ukurasa wa swichi uonyeshe 1,000 kwa kila nyumba.

Vifaa vikila wati 30, ni karibu uniti 22 za LUKU kwa mwezi. Ziingizeni kwenye mchango. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah 50 itawashikilia kwa saa 15 hivi umeme ukikatika. Na kama waya unatoka nje, tuseme kwenda kibanda cha mlinzi, tumieni faiba. Msimu wa mvua hapa radi si mgeni, na waya wa shaba unaiingiza mpaka kwenye swichi.

Nywila za ruta na swichi ziandikwe, zifungwe kwenye bahasha mbili: moja kwa mwenyekiti, nyingine kwa mhazini. Fundi akibaki nazo peke yake, mtandao ni wake, risiti hazitawasaidia.

SWALI: Mtandao wetu wa jengo unakufa ghafla. Waifai inaonekana, intaneti hakuna, halafu unarudi wenyewe. Fundi anasema laini ni mbovu. – Katubuka

JIBU: Msibadilishe laini kwanza. Wakati wa tatizo, fungueni mipangilio ya waifai kwenye simu msome anwani ya IP, yaani namba ambayo ruta inaipa simu. Kama ruta yenu inagawa anwani za 10.20 na simu inaonyesha 192.168, kuna ruta ya pili inayogawa anwani jengoni. Mara nyingi mkazi kanunua ruta yake akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti), na kila akiiwasha majirani wanapotea.

Muhamishieni waya tundu la WAN. Kisha washeni ulinzi wa DHCP (ugawaji wa anwani) kwenye swichi, tundu la ruta yenu pekee liaminiwe. Swichi isiyo na mipangilio haina kinga hii; ndiyo maana tunasisitiza msinunue ya bei ya chini kabisa. Siku hiyohiyo wekeni kila nyumba kwenye VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi, printa ya jirani isionekane kwa wengine.

SWALI: Mmoja akipakua mafaili jioni, wote tunakwama. – Gungu

JIBU: Tafuteni ruta yenye CAKE au fq_codel, mbinu za kupanga foleni ya data, mpunguze kikomo hadi asilimia 90 ya kasi ya laini. Foleni inahamia kwenye ruta yenu, nayo inagawa kwa haki.

SWALI: Mpangaji akihama, kiingilio alichochangia vifaa kinakuwaje? – Ujiji

JIBU: Kipunguzeni kwa miezi. Tuseme ni shilingi 180,000 na vifaa mmevipa miezi 36: ni 5,000 kwa mwezi. Akihama baada ya miezi 10 anarudishiwa 130,000, na mpangaji mpya ndiye anayeilipa kupitia kwa mhazini, kwa risiti, kabla tundu lake halijawashwa.